Mahali pa Kukaza Neno

Mtaani kwetu Kimara walikuwepo walimu wastaafu wengi, lakini ukisema "Madam" bila kuongeza kitu, kila mtu alijua unamsema yeye. Mie nilimfahamu kwa miaka kama kumi na mitano, kwanza kama mwanafunzi wake wa tuisheni, halafu kama mtu niliyemkosea, au aliyenikosea, mpaka leo sijaamua ni ipi. Nikijaribu kumweleza kwa mtu asiyemjua, najikuta nasema mambo yanayopingana, na msikilizaji ananitazama kama vile nimechanganya watu wawili.

Alikuwa mfupi, mnene kiasi, na alitembea haraka kuliko sie tuliokuwa na nusu ya umri wake. Alikuwa na miwani mbili, ya kusomea na ya kuonea mbali. Sie tuliamini hiyo ya pili ni ya kugombezea, kwa sababu aliivaa pale tu alipotaka kumtazama mtu usoni. Chai ya mtu hakunywa. Ukimkaribisha atakwambia ametoka kunywa sasa hivi. Lakini wewe ukienda kwake ukakataa chai, alinuna wiki nzima.

Hata salamu yake ilikuwa na mpaka. Ukishakanyaga barazani kwake kwa ajili ya kipindi, ni Kiingereza kitupu, na anayesema shikamoo anarudishwa getini aingie upya. Kipindi kikiisha, ukikutana naye dukani ukamwambia "good afternoon", anakupita kama nguzo ya umeme. Siku moja nilimfanyia hivyo nikidhani nitamfurahisha. Alisimama hatua mbili mbele, bila kugeuka, mpaka niliposema, "Shikamoo, Madam." Ndipo akaitikia marahaba na kuniuliza habari za mama.

Alitoka Kanda ya Ziwa na alikuwa Mkristo wa kwenda ibada ya kwanza. Nusu ya wanafunzi wake tulikuwa Waislamu, mie nikiwa mtoto wa nyumba ya wauza vitambaa, watu wenye asili ya Kiarabu ambao babu zao walishasahau Kiarabu chenyewe. Hakuwahi kutuambia lolote kuhusu dini. Ila jioni, kabla hata sie hatujasikia, alifunga kitabu na kusema, "Haya, nyie mnaosali, mnaitwa." Masikio yake yalikuwa makali kwa adhana, kwa mlango wa jirani, kwa mtu anayetafuna pipi mstari wa nyuma. Ndiyo maana baadaye nilichanganyikiwa sana.

Kwenye matamshi hakuwa na huruma. Aliyechanganya "l" na "r" alisimama mpaka anyooshe ulimi. Lakini yeye mwenyewe akikasirika, ulimi ulirudi kwao. "Nani amechukua karamu yangu?" alifoka mara moja akitafuta kalamu, na hakuna aliyethubutu kucheka mpaka tulipofika barabara kuu. Nadhani alijua. Siku ya pili alikuja na kalamu tano, akaziweka mezani bila kuzitaja.

Kilichomfanya ajulikane mpaka Mbezi kilikuwa ni mkazo. Walimu wengine wa tuisheni walifundisha sarufi na kujaza nafasi zilizo wazi. Madam alifundisha mahali pa kukaza neno. Alisema mtu anaweza kujua maneno elfu ya Kiingereza na bado asieleweke, kwa sababu anayakaza yote mahali pamoja, kama tunavyofanya kwenye Kiswahili, silabi ya pili kutoka mwisho, iwe jina, iwe kitendo, bila hata kujua kama tunakaza.

Ili tumwelewe, alituchukua kwanza kwenye neno letu wenyewe. Alituambia tuseme "barabara", ile ya magari, halafu tuseme kazi imefanyika "barabara". Tukasema. Akatuambia turudie tena na tena. Ghafla tukasikia. Kwenye ile ya magari uzito uko kwenye "ba" ya pili. Kwenye ile ya kazi nzuri uzito unarudi nyuma, kwenye "ra" ya kwanza. Tulicheka kama watu waliookota kitu mfukoni mwao wenyewe. Alisema Kiswahili kina vichache vya namna hiyo, ila Kiingereza kimejaa. Neno "record", kwa mfano. Likiwa jina, kumbukumbu iliyoandikwa, uzito unakaa mwanzoni. Likiwa kitendo, kurekodi, uzito unahamia mwisho. "Present" ni zawadi ukikaza mwanzo, ni kukabidhi ukikaza mwisho. "Object" ni kitu, na ni kupinga. Tahajia ni ileile. Kinachohama ni uzito.

Hivyo ndivyo ninavyoandika leo, baada ya kuhakikisha. Wakati ule mie niliandika kinyume chake kabisa, na hapo ndipo stori yenyewe ilipo.

Mwenzetu mmoja aliwahi kuuliza kwa nini "report" halihami, mbona nalo ni jina na ni kitendo. Madam akabadilisha miwani. Sote tukainama. Akasema yapo maneno yaliyokataa uhamisho, kama walimu fulani aliowahi kufanya nao kazi. Mwenzetu akauliza tena kwa nini. "Sijui," Madam akasema. "Andika kwamba Madam hajui, halafu endelea." Tuliandika kweli. Nilimpenda sana siku ile.

Ubao hakutumia. Vumbi la chaki lilikuwa limemharibu kifua, na siku aliyostaafu aliapa hataishika tena. Badala yake aliweka mezani vikombe viwili vya bati, kikubwa na kidogo. Kila kikombe kilikuwa silabi moja, na kikubwa ndicho chenye uzito. Akitaja jina, anaviweka vyote kwa mara moja, kikubwa kikitangulia kidogo. Akitaja kitendo, anavibadilisha. Sie tulilitafuta neno kitabuni, tukaliandika daftarini na kupiga mstari chini ya sehemu yenye uzito. Kisha tulisema kwa pamoja, mara kumi, mara ishirini, mpaka majirani wakafunga madirisha.

Wengi tulikaa kwenye mkeka, mbele ya meza, tukitazamana naye. Wachache, waliowahi, walikaa kwenye benchi la ukutani upande wake. Neema, rafiki yangu, alikuwa anawahi. Mie sikuwahi hata siku moja, maana nilikuwa nafunga duka la mama kwanza.

Miaka ikaenda. Nilimaliza shule, nikakaa dukani, kisha nikapata nafasi ya kufanya usaili kwenye kampuni moja ya kupokea watalii kule Msasani. Walitaka mtu wa kujibu simu. Neema naye aliitwa. Niliingia nikiwa na uhakika wa ajabu. Nikapewa aya moja nisome kwa sauti, na ilikuwa kama imetungwa na Madam mwenyewe. Ilisema tunarekodi simu, tunatunza rekodi, mgeni anakabidhi barua, mgeni anapewa zawadi. Nilikaza kila neno pale nilipofundishwa, tena kwa mbwembwe.

Mama aliyekuwa ananisaili aliniomba nirudie. Nikarudia, nikikaza zaidi. Aliandika kitu, akaniuliza nimejifunzia wapi matamshi. Nikamwambia kwa fahari kwamba ni kwa Madam, Kimara. Alitabasamu kwa upole, na upole ule ndio ulioniumiza baadaye.

Neema alipata. Mie sikupigiwa simu. Baada ya wiki alikuja dukani, akazungukazunguka, akashika vitambaa ambavyo hakuwa na nia ya kununua, mwisho akasema, "Shoga, nilikuwa nakusikia kupitia mlango. Mbona uligeuza yote?"

Nikamwambia sikugeuza. Akasema niligeuza. Nilikwenda nyumbani nikaleta daftari langu, naye akaleta lake, tukayaweka juu ya meza ya kupimia vitambaa. Yalikuwa ya siku ileile, kipindi kilekile, maneno yaleyale kwa mpangilio uleule. Kwake "record" ya jina imepigwa mstari mwanzoni. Kwangu mwishoni. Ukurasa baada ya ukurasa, yangu yalikuwa kinyume cha yake, bila kukosea hata moja. Mtu anayekosea kwa bahati mbaya angepatia hata mara mbili tatu. Mie nilikosea kwa ukamilifu.

Nilikwenda kwa Madam na daftari mkononi, na sikwenda kwa adabu. Alilisoma muda mrefu, kisha akasema hakunifundisha hivyo. Nikamwambia alinifundisha. Akasema pengine nilikuwa nasinzia. Hapo nikasema neno ambalo mpaka leo natamani nilimeze, kwamba amenikosesha kazi na ni bora angebaki na chaki yake.

 Aliniambia tu nikamsalimie mama.

Siku kumi na mbili zilizofuata hazikupita vizuri. Nilipita mbali na nyumba yake. Kisha akamtuma jirani aniite. Nilipofika barazani nilikuta meza ileile imewekwa, na mkeka umetandikwa, ingawa hakuwa na wanafunzi tena wakati huo. "Kaa pale ulipokuwaga unakaa," akasema. Nikakaa, mwanamke mzima, miguu imekunjwa. Akakaa kwenye kiti chake, akataja "record" ya jina, akaviweka vikombe vyote viwili kwa pamoja, kikubwa na kidogo.

"Kikubwa kiko wapi?" akauliza.

"Mwisho, Madam."

Akanitazama, akavitazama vikombe. Akainuka, akazunguka meza, na kwa shida akajishusha mkekani ubavuni mwangu. Akatazama tena. Alikuwa amevipanga kuanzia kushoto kwake kwenda kulia, kama mtu anavyosoma. Sie tuliomkabili tulisoma kuanzia kushoto kwetu. Kwake kikubwa kilikuwa cha kwanza. Kwetu kilikuwa cha mwisho. Zaidi ya miaka kumi, kila aliyekaa mkekani aliondoka na Kiingereza kilichopinduka, na kila aliyekaa benchini aliondoka nacho kimesimama sawa.

 Mie nilitaka kucheka, na nilipomwona uso wake nikaacha. Ila swali moja lilianza kunitekenya, na sikulisema. Mikono yake ilituonyesha kinyume, sawa. Lakini tulikuwa tunasema kwa sauti, kwa pamoja, mara ishirini. Yeye aliyesikia pipi ikitafunwa mstari wa nyuma, ilikuwaje asisikie mkeka mzima ukisema kinyume?

Kesho yake alitoa daftari la mahudhurio. Alikuwa ameandika kila jina tangu mtoto wa kwanza, na aliniomba nimsaidie kukumbuka nani alikuwa anakaa wapi. Kisha akaniambia ana nia ya kwenda kuwatafuta. Nilidhani anatania. Jumamosi iliyofuata alinipitia dukani, amevaa viatu vya kutembelea, vikombe viwili vimefungwa kwenye kanga ndani ya mkoba.

Tulizunguka naye Jumamosi nyingi. Wengi walitukaribisha kwa furaha na hawakukumbuka kitu. Daftari walishatupa, na Kiingereza nacho. Mmoja alidhani tumekuja kumchangisha harusi. Madam hakujali. Alimkalisha kila mtu upande wake wa meza, akapanga vikombe, akamsemesha maneno matano, akaondoka bila kunywa chai.

Keko tulimkuta fundi seremala akipiga msasa kitanda kando ya barabara. Huyu alikuwa mtundu sana enzi zake, na alipomwona Madam aliacha msasa akasimama wima kama yuko gwaride. Alitupatia stuli ambazo bado zilinuka vanishi. Alijaribu kusema "record" mara nne, kila mara kwa namna tofauti, mpaka naye hakujua tena ipi ni ipi. Madam akaanza kukasirika.

"Nipe karamu nikuandikie."

"Madam, karamu ya nini tena, mbona hakuna aliyeoa?"

Nilidhani atampiga. Alicheka. Ni mara moja tu niliyomwona akicheka mpaka kushika meza. Akachukua penseli ya fundi iliyokuwa nyuma ya sikio lake, akaandika maneno matano kwenye kipande cha ubao, akapiga mistari mahali panapostahili. Fundi akaahidi kukipigilia ukutani. Sijui kama alifanya hivyo.

Wa mwisho tuliyempata alikuwa mwalimu. Alifundisha shule moja ya msingi Temeke, na alikuwa mmoja wa watoto wa mkekani, tena yule aliyeuliza kuhusu "report". Tulifika watoto wakiwa darasani, na kabla hatujaufikia mlango nilisikia. Darasa zima lilikuwa linaimba "record, record, present, present", jina na kitendo, na yote yalikuwa kinyume, kama nilivyosema mie Msasani.  Madam alisimama dirishani akitabasamu. Kisha akaniinamia na kuniuliza kwa sauti ya chini, "Wanasemaje?"

Nikamwambia wanageuza. Nilidhani ananipima. Tabasamu likamtoka.

Mwalimu alitupokea kwa heshima kubwa, akatukalisha chini ya paa la veranda. Madam akamweleza. Alisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema, bila jeuri, kwamba hilo ni gumu kwake. Watoto wamemsikia mwaka mzima. Akiwaambia leo kwamba ni kinyume, kesho watamwamini kwa lipi? "Na mie nitaamini lipi, Madam?" akauliza. "Uliyonifundisha wakati ule, au unayoniambia leo? Yote umesema wewe."

 Nilimwonea huruma yule kijana, maana nami nilishalala na swali hilo usiku kadhaa.

"Basi niruhusu niwaambie mwenyewe," Madam akasema.

Aliingia. Watoto wakasimama wakasalimia. Hakuweka vikombe kwenye meza ya mwalimu. Alikwenda kwenye dawati la mbele, akageuka akatazama ubao kama wao wanavyoutazama, akiwapa mgongo, akavipanga hapo. Akasema kwa Kiswahili, "Mwalimu wenu hakukosea. Aliyekosea ni mie, nilimfundisha vibaya. Naomba mnisamehe." Watoto wakapiga makofi, kwa sababu watoto wa shule hupigia makofi mgeni hata akisema nini. Yule mwalimu alisimama mlangoni, akatazama viatu vyake.

Hilo ndilo ombi pekee la msamaha nililolisikia kutoka kwake. Mie mwenyewe hakuniomba. Njiani nilingoja aniambie kitu. Aliniambia kiatu kinambana. Nami sikumwomba radhi kwa yale ya chaki, nikidhani tutakuwa na muda. Niliona ni ajabu kwamba mtu aliyetembea Keko na Temeke kutafuta watu aliowakosea alishindwa kugeuza shingo kwa aliyekaa ubavuni mwake. Au labda kunichukua kila Jumamosi ndiko kulikuwa kuniomba. Nimelifikiria hilo kwa njia zote mbili, na zote zinakubali.

Baadaye nilipata kazi nyingine, ya mapokezi ya hoteli, na nikaolewa Kinondoni. Madam alihamia kwa binti yake Goba. Nilisikia ameanza kuchoka, nikawa nasema kila mwezi nitakwenda. Nilikwenda mwaka jana, asubuhi ya Jumapili.

Nilimkuta kwenye kochi, amepungua, kanga begani, miwani moja tu. Alinitambua mara moja. Tulizungumza habari za mama, za watoto, za mvua iliyoharibu barabara yao. Binti yake alipoingia jikoni, Madam alisubiri mpaka sufuria zikaanza kugongana, kisha akanisogelea.

"Sema 'present'," akaniambia. Nikasema. "Sasa sema ile nyingine." Nikasema. "Ipi ilikuwa zawadi?"

"Ya kwanza, Madam."

"Una hakika?"

"Nina hakika."

Alifuta kochi kwa kiganja, ingawa halikuwa na vumbi. "Mie sijawahi kuisikia, mwanangu," akasema. "Barabara naisikia, ni yetu. Hizo zao, hata moja. Nilizisoma chuoni, nikakariri orodha, nikafaulu. Nyie mkisema hivi, mkisema vile, kwangu lilikuwa neno lilelile. Niliogopa mtajua."

 Nilihisi hasira, na kabla haijafika kifuani ikawa kitu kingine, na hicho nacho sikukijua jina. Nilitaka kumwomba radhi, lakini ingekuwa kama namlipa kwa kuwa amekiri, nikaogopa kumwaibisha. Nikamwambia tu kwamba kule kazini, mapokezi nzima, nasifiwa matamshi.

"Rudia," akasema. "Polepole. Usinionee huruma."

Nikarudia. Akafumba macho. Zawadi, kukabidhi, zawadi, kukabidhi. Alitikisa kichwa, hapana, nikarudia. Nikabadilisha mpangilio, nikaliviringisha neno mdomoni mpaka likapoteza maana, likawa sauti tupu. Binti yake alichungulia akauliza tunafanya nini, Madam akamjibu bila kufumbua macho kwamba tunasoma.

Mara akainua kidole. "Hiyo," akasema. "Hiyo ndiyo zawadi."

Nilikuwa nimechoka, nimeshachanganya, na sikujua kabisa ni ipi niliyokuwa nimeisema.

"Ndiyo, Madam," nikamwambia. "Ndiyo hiyo."